Mjadala: Mshtakiwa wa cheki iliyodunda hajawahi kufika kortini, kwa nini kesi ifutwe mlalamikaji akikosa tarehe moja?

Wakuu, nawaletea hoja kutoka India. Kufikia mwisho wa 2019 kesi za cheki zilizodunda, yaani zilizorudishwa na benki bila kulipwa, huko zilikuwa zaidi ya milioni 3.5, kati ya kesi za jinai kama milioni 23 zilizokuwa zikisubiri kuamuliwa.

Kifungu cha 138 kinachozihusu kiliongezwa mwaka 1988 kwenye sheria ya 1881 ya hati za malipo kama cheki. Cheki ikirudi, anayedai anatoa notisi ya kudai alipwe ndani ya siku 30, na mdaiwa asipolipa katika siku 15 anashtakiwa. Adhabu ni kifungo hadi miaka 2, au faini hadi mara mbili ya kiasi kilichoandikwa, au vyote viwili. Sheria inataka mahakama ijitahidi kumaliza kesi ndani ya miezi 6.

Kinachotokea ni kingine kabisa. Samansi inatoka, mshtakiwa haji. Inatoka hati ya kukamatwa yenye dhamana (akikamatwa anaweza kuachiwa kwa dhamana), kisha isiyo na dhamana. Hati inapelekwa polisi na kurudi na maelezo: amehama, nyumba imefungwa, hajulikani alipo. Inapangwa tarehe nyingine, na nyingine. Mwenye duka anayedai pesa yake analifunga kila tarehe ili aende kortini. Asipoonekana siku moja, kifungu cha 256 cha sheria ya zamani ya mwenendo wa jinai kilimruhusu hakimu amwachie huru mshtakiwa, na kesi mpya ya cheki hiyo haifunguliwi. Aliyekimbia anashinda!

Sheria mpya ya mwenendo wa jinai iliyoanza Julai 2024 inamtaka hakimu ampe mlalamikaji siku 30 za kufika kwanza. Ni nafuu, lakini haigusi kiini. Hati isipotekelezwa, atoe maelezo polisi aliyepewa kuitekeleza. Mlalamikaji hana pingu wala gari la doria.

Najua wapo watakaosema wakopeshaji huwasainisha wanyonge cheki tupu, zisizoandikwa kiasi, kisha hutumia hati za kukamatwa kama fimbo ya kudaia. Hilo lipo na linaumiza watu. Ndiyo maana naunga mkono msimamo wa Mahakama ya Juu ya India ya mwaka 2007: kwanza samansi, kisha hati yenye dhamana, na ile isiyo na dhamana iwe ya mwisho kabisa. Lakini mnyonge wa namna hiyo atetewe kwa kusikilizwa, ushahidi wa cheki tupu uwekwe mezani. Kufuta kesi kwa sababu ya tarehe moja hakumtofautishi yeye na tapeli.

Na hili si la India peke yake. Kenya nayo, kifungu cha 202 cha sheria ya mwenendo wa jinai kinaruhusu mshtakiwa aachiwe mlalamikaji asipofika.

Mnaotetea utaratibu huu, nijibuni: hati ikikaa kituoni miezi bila kutekelezwa, mlalamikaji anaadhibiwa kwa kosa gani?