Mto Rufiji siku nne, Mloka mpaka Utete, nani kashawahi?

Mshipi Mrefu: Wakuu habari za jioni. Tuko washkaji watano hapa Dar, kila mwaka tunapanga safari ya maana tunaishia Kigamboni kula chipsi, mwaka huu tumeapa. Tunataka kupanda basi Mbagala mpaka Mloka, tuingie mtoni hapo tushuke na maji mdogo mdogo mpaka Utete, mchana tunavua, usiku tunapiga tenti kwenye yale mafungu ya mchanga katikati ya mto. Mmoja wetu ana maboti mawili ya mpira ya kujaza upepo, ndoana zipo, kuogelea tunajua wanne. Mwezi gani mzuri, kibali kinatakiwa, na msosi tubebe au tutegemee samaki?

Mndengereko: Mkuu hayo maboti ya mpira yaacheni huko huko Dar. Mimi kwetu Utete, nimekulia kwenye mtumbwi. Kiboko mchana anashinda kwenye kina na ukimsogelea hana salamu, mpira ni jino moja tu kwishaaa. Kodini mitumbwi ya mbao na watu wa hapo hapo Mloka, mmoja akae mbele na pondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi. Wazee wakikaribia kundi wanagonga ubavu wa mtumbwi ili wale jamaa watoe vichwa wajulikane walipo, halafu wanapita kwenye maji machache upande wa pili, taratibu, hamna cha kupiga picha. Bei mpatane kabla na chakula chao juu yenu.

Kulala kwenye fungu sahau kabisa. Mamba wanaota jua hapo hapo, na kiboko usiku anatoka kwenda kula majani akipita njia ile ile kila siku. Ukiona njia imeshuka mtoni ina mifereji miwili na katikati kimebaki kituta cha nyasi, ndo yake hiyo. Mimi nikiwa kijana tuliwahi kujilaza karibu na njia kama hiyo, usiku nikasikia majani yanang'olewa, kwaa, kwaa, hatua chache kutoka kichwani, hakuna aliyethubutu hata kukohoa mpaka alfajiri. Laleni dagoni, yaani kwenye kambi ya wavuvi, mnaomba tu, hawana shida.

babu_kafi: Nyongeza kidogo. Kuanzia Mloka kwenda juu ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ilimegwa kutoka Selous 2019, huko msitupe ndoana hata kwa utani. Huku chini pitieni ofisi ya uvuvi ya halmashauri mkate leseni, na serikali ya kijiji mjitambulishe, wageni watano na mabegi lazima mtaulizwa tu. Masika msiende, mafuriko ya Aprili 2024 kule Rufiji si mliyaona? Julai mpaka Oktoba ndo penyewe. Ila siku hizi kuna bwawa kule juu, maji yanategemea pia wanavyofungulia, kwahiyo kila jioni waulizeni wavuvi mto umeamkaje.

Mama Wawili: Jamani msiende kutegemea samaki, mtalala njaa siku ya kwanza halafu mgombane. Bebeni unga, mchele, maharage, chumvi na ndimu, na maji ya kunywa, ya mto mchemshe. Kambale wanakula usiku, chambo utumbo wa kuku, tupieni mkiwa mmekaa juu mbali na ukingo na MSICHOTE maji gizani. Mkipata ngogo msimshike kwa pupa, ana miiba mitatu, mmoja mgongoni na miwili ubavuni, anaisimamisha kabisa na analia kwii kwii mkononi, akikuchoma mkono unawaka. Mume wangu alidharau, safari nzima alikuwa akilishwa ugali kama mtoto. Na huyo asiyejua kuogelea avae jaketi muda wote.

Mshipi Mrefu: Asanteni sana, tenti za fungu nimefuta na Agosti ndo mwezi. Shida ni moja, asiyejua kuogelea ndo huyo huyo mwenye maboti, sijui namwambiaje 😂