Mnampataje daktari mmoja wa kukujua? (niko Wete, Pemba)

BintiGando:
Assalaam alaykum jamaa. Mie nina miaka 43, mwalimu wa skuli ya msingi, nakaa Wete. Sina maradhi ninayoyajua, na hapo ndipo penye khofu yangu, kwa sababu mama yetu naye hakuwa na maradhi anayoyajua. Alikuwa anakanda unga wa mkate wa kusukuma asubuhi, bakuli likamponyoka, mkono wa kulia haunyanyuki tena. Kiharusi. Spitali walipompima presha ikasoma 210 kwa 120, wakatuuliza anatumia dawa gani. Tukatazamana. Mara ya mwisho kupimwa ilikuwa mimba ya mdogo wetu, na huyo sasa ana mke. Mungu amrehemu.

Baada ya matanga nikajiapiza kupima kila mwaka. Basi mwaka huu nimekwenda pahala patatu. Wa kwanza nilifika natweta, nimechelewa gari, kanifunga mkanda palepale: 150 kwa 95, kaniandikia dawa. Wiki mbili tatu baadae nikapima kwengine, 128 kwa 80, naambiwa sina kitu, niende zangu. Wa tatu, spitali ya kulipia ambayo siitaji, kaandika orodha ya vipimo huku anatazama simu. Nikamuuliza hivi ni vya nini, akasema "kuangalia tu". Nikaondoka na orodha yangu.

Nyinyi mnamchaguaje mtu wa kumwendea? Na jengine, naliandika kwa haya: kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi sijawahi. Nasikia anayepima huweza kuwa mwanamme. Mume wangu hana neno, mie ndie nisiyetaka.

Mkarafuu_Konde:
Dada utajitafutia ugonjwa bure. Mie nina 51, napanda mikarafuu mpaka kileleni, sindano naziona kwa watoto. Mkipimwa ndio mnaanza kuumwa.

MkungaMstaafu:
Mwanangu, pole kwa mama. Kabla sijakujibu: ulipopata ile 128, ulikuwa ushaanza kumeza dawa ya yule wa kwanza au bado?

Kuhusu kupima, ile 150 ya kutweta si hukumu. Mtu akae kitako dakika tano, mgongo umeegemea, miguu haikupandana, mkojo ushakwenda, mkono uko mezani usawa wa moyo, na hapigi soga. Kahawa iwe imepita nusu saa. Halafu irudiwe siku nyengine. Ikifika 140 kwa 90 au kupanda, siku mbili mbalimbali, hapo ndio tunaanza kuita presha.

BintiGando:
Mama Mkunga umenifunga mdomo. Nimekwenda kupekua pochi, karatasi ninayo: amlodipini miligramu 5. Nilikuwa nimemeza siku 16. Wa pili hakuniuliza, na mie sikumwambia, nilitaka kusikia kauli yake safi isiyochanganywa na ya mwenzake. Nilipoambiwa sina kitu nikaacha.

MkungaMstaafu:
Basi hiyo 128 huenda ilikuwa kazi ya dawa. Usijirudishie mwenyewe sasa, nenda kapimwe upya na karatasi yako mkononi.

Kuhusu daktari, mie sitazami vyeti ukutani. Natazama akikuuliza wazee wako walikufa na nini, na akiandika ulichomjibu. Anza kituo cha afya cha karibu, uliza nani yupo siku zote na zamu zake lini. Mwengine mwenye koti jeupe ni tabibu, wa ngazi ya chini ya daktari, mwengine muuguzi, si aibu kumuuliza yeye ni nani. Tabibu anayekujua miaka mitano atakuona umebadilika kabla bingwa unayemwona mara moja. Na nunua daftari la skuli, hayo unayo tele: tarehe, namba, jina la dawa na miligramu zake. Akihamishwa, na watahamishwa, daftari linabaki na wewe. Na uulize kabla ya Ramadhani dawa utazigawaje baina ya futari na daku. Watu wengi huziacha mwezi mzima kisha huja kwetu Idi mosi.

Kile kipimo kisikutishe. Wanaopima wengi ni wakunga na wauguzi wa kike, pita kwanza uulize siku anayopima mwanamke. Mlango wa kizazi hupakwa siki nyepesi, husubiriwa kama dakika moja, pakitokea weupe panatazamwa vizuri. Majibu unatoka nayo siku hiyohiyo. Weupe si lazima uwe saratani, mara nyingi ni mabadiliko yanayotibika kabla hayajawa kitu. Umri wa kupima ni 30 mpaka 50, kila miaka mitatu ukiwa salama. Usiende ukiwa hedhini. Ile chanjo ya wasichana inayokuja skulini kwako ni ya kirusi kinacholeta saratani hiyohiyo.

UmmuBonde:
Shoga, kama umekulia kufua mtoni na kupanda mpunga bondeni, mwambie anayekupima. Mie nilitibiwa maradhi ya zinaa mara tatu, nyumba ikaingia fitina, kumbe kichocho. Kwa sisi wanawake kinaweza kukaa kwenye mlango wa kizazi, kikatoa damu na maumivu. Konokono wa maji baridi ndio wanaokibeba. Dawa yake ni vile vidonge vinavyogawiwa watoto, lakini mtu mzima nani anakumbuka kumpa?

Mkarafuu_Konde:
Mama Mkunga, na mtu akipimwa kwa mchezo tu, pale duka la dawa kwa mpwa wake, ikasoma 165, lakini kichwa hakimuumi hata kidogo?

MkungaMstaafu:
Kichwa cha mama yake BintiGando nacho hakikuuma. Hiyo 165 ni ya nani, kaka?