Chumvi ya mawe ni ipi hasa?

Mwana Naumbu: Wakuu, nimebishana na mtu sokoni Mtwara. Ile ya chenga kubwa kwenye viroba, tangu utoto tunaiita chumvi ya mawe. Yeye anadai chumvi ya mawe ni ile inayochimbwa ardhini, ni mwamba kabisa. Nani yuko sahihi?

Bibi Korosho: Huyo huyo. Yetu ni maji ya bahari yaliyokaushwa na jua. Ya mwambani ni kama ile ya pinki ya Pakistani mnayouziwa bei ya kuruka. Hata kusini ipo, waliotafuta mafuta Mandawa miaka ya 1950 waliikuta chini kabisa. Ila hiyo huikuti gengeni.

Mchinga Moja: Kwetu ya mawe ni magadi. Bibi akisema "kalete mawe", ni ya kulainishia kisamvu.

Binti Shangani: Kisamvu kwa magadi?? Kisamvu kinatwangwa, kinachemshwa, kinatiwa nazi. Magadi ya nini, bibi hana meno?

Mchinga Moja: Dada, bibi yangu kaingiaje? Nyie mnanunua kilichosagwa mashine, mchi mnaujulia wapi.

Binti Shangani: Bibi namheshimu. Mboga yake ndiyo siiheshimu.

Fundi Nachingwea: 😂 Ila magadi si chumvi ya kukolezea. Ni jamii ya soda, yanatoka Ziwa Natron na Magadi ya Kenya. Tia kwenye mchuzi wa pweza badala ya chumvi, halafu utuambie.

Mwana Naumbu: Jamani, sijauliza mboga.

Bibi Korosho: La kuuliza ni madini joto. Hiyo ya viroba mara nyingi haijatiwa, halafu watu wanaota rovu tunasema wamerogwa.

Mzee wa Mashamba: Mwanangu, hapo umenigusa. Mvua moja tu ya ghafla, chumvi yote shambani imerudi maji. Iliyopona ananunua mwenye lori kwa bei anayoitaka yeye, anaitia hayo madini joto, anaifunga pakiti. Leo yangu ndiyo inaleta rovu? Ng'onda mnazokula zimekaushwa na nini?

Bibi Korosho: Shikamoo mzee. Sijasema chafu, nimesema haijatiwa.

Mzee wa Mashamba: Marahaba. Ndiyo mnavyoanzaga.

Binti Shangani: Mzee, achana nao. Nina papa wa kukausha, kiroba bei gani?

Mzee wa Mashamba: Ipi, nyeupe ya juu au ile ya chini iliyokokota tope?