Tupeane uzoefu: wimbo gani uligeuza jambo nyumbani kwenu?

MzawaSinza: Leo kwenye daladala konda kaita "Kwa Remmy wapo?" Binti niliyekaa naye akaniuliza, huyo Remmy ni nani? Nikakosa pa kuanzia. Wa enzi za kaseti, mpo?

MamaTatu: Nipo. Wangu ni Mambo kwa Soksi, wa huyo huyo mwanamuziki Remmy Ongala. Radio Tanzania iligoma kuupiga kwa vile unataja kondomu, sisi tukaupata kwenye kaseti ya kurekodi. Baba akaukuta unalia chumbani kwa kaka. Aliuvuta mkanda wote, akautupa uani, ukazagaa kama utumbo wa kuku. "Matusi ndani ya nyumba yangu!" Usiku mimi na kaka tuliuokota, tukauzungusha kwa kalamu ya Bic mpaka saa saba. Ulishajikunja, sauti ikawa inayumba. Kaka akaniambia, "Mdogo wangu, sikiliza maneno."
Kaka alifariki 1996. Watu waliambiwa ni TB. Baada ya arobaini baba akaniita, akaniuliza kaseti iko wapi. Akaisikiliza peke yake, mlango kaufunga. Kesho yake akawakalisha wadogo zangu wawili wa kiume, akawaambia mambo ambayo baba zetu hawakuwa wakiyataja. Wote wazima mpaka leo.

Mpita_Pangani: Pole sana dada. Nimesoma mara mbili.

Kijana_wa_Zamani: Kwetu pia walisema TB.

Chuma: Pole. Ila Remmy alikuwa Mkongo jamani, kazaliwa Kindu. Tusijitwalie.

MzawaSinza: Kazaliwa Kindu 1947, sawa. Kaja Dar 1978 kupiga na bendi ya Makassy, akaishi na sisi mpaka tunamzika 2010. Shida zetu kaziimba kwa Kiswahili, kituo kina jina lake. Ulitaka nini zaidi?

Chuma: Nataka na Kindu wapewe heshima yao. Basi.

BintiMalindi_Unguja: Nyote mnamsahau Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarab. Bibi yangu akiuimba wimbo wake wa Kijiti huku anapepeta mchele: mwanamke kauawa, muuaji katorokea bara, waliotoa ushahidi ndio wakafungwa. Akifika hapo ungo unasimama. Sisi wajukuu tulijua kuna mahakama zinazoonea watu kabla hatujajua kusoma.

MamaTatu: Wenzangu, nina kijana wa miaka 16. Nimwekee ule wimbo?

Mpita_Pangani: Mwekee, ukae naye mpaka uishe.

Kijana_wa_Zamani: Usithubutu! Mzazi akileta wimbo, mtoto anauchukia. Uache kwenye simu, aukute mwenyewe.

BintiMalindi_Unguja: Mwekee akiwa anaosha vyombo, mikono ina povu, hana pa kukimbilia 😄

MamaTatu: Nataka aisikie kaseti yenyewe, ile iliyojikunja. Ninayo bado. Redio ya kuipigia ndiyo sina.

Chuma: Mimi ninayo, nipo Tabata. Kifuniko hakifungi, nakibana kwa mpira, lakini inalia vizuri. Niambie siku, dada, nitaileta.