Ndoa na "muungano wa kiraia" kwa wapenzi wa jinsia moja, tofauti ni nini hasa?

Wadau naomba kueleweshwa, mara nasikia Denmark ndo ilianza mara Uholanzi, nani wa kwanza sasa? Na huo muungano si ndoa hiyohiyo ila jina tu?

Jibu 1
Zote mbili ulizosikia ni kweli mkuu. Denmark 1989 ilianza kuwasajili wapenzi wa jinsia moja ila haikuita ndoa, Uholanzi 2001 ndo ikafungua ndoa yenyewe. Denmark ndoa wakaja kuiruhusu 2012.

Jibu 2
Jina tu? Thubutu! Chukua Ufaransa, ile PACS (mkataba wa kiraia wa kuishi pamoja) ya 1999, mmesajiliwa vizuri mnakaa miaka 20 halafu mwenzio anafariki bila wosia, hurithi kitu, mali inaenda kwa ndugu zake na wewe unabaki na picha za ukutani. Ndoa ilikuja 2013. Italia waliruhusu muungano 2016, urithi upo ila kipengele cha kuasili mtoto wa mwenzako kilinyofolewa bungeni, watu wanaishia mahakamani.

Jibu 3
Afrika Kusini 2006 walimaliza kiutu uzima, sheria moja, unachagua mwenyewe iitwe ndoa au muungano, haki zilezile.

Muuliza swali
Asanteni, kumbe! Na mkihamia nchi isiyotambua?

Jibu 2
Hapo ndo pagumu, nyingi cheti chako ni karatasi tu. Ila Umoja wa Ulaya, mahakama yao ilisema 2018 mwenzi wa ndoa wa raia wa Umoja apewe ukaazi hata kama nchi hiyo haifungishi ndoa hizo. Hukumu hiyo ya 2018 ilihusu ukaazi tu lakini.