Nimewarekodi wanafunzi 41 wakizungumza. Naweza kukadiria akili yao ya lugha kwa sauti hizi?

Mwalimu_Muheza

Habari za jioni wanajukwaa. Nafundisha shule ya msingi wilayani Muheza, Tanga, na ninaandika tasnifu ya uzamili. Nimekwama, naomba msaada kabla sijarudi kwa msimamizi wangu.

Wazo lilinijia niliposoma habari za masista 93 wa Marekani. David Snowdon na wenzake walichukua wasifu ambao masista hao waliuandika walipokuwa na umri wa miaka kama 22 hivi, wakahesabu mawazo yaliyomo katika kila maneno kumi. Walioandika kwa mawazo machache ndio waliofanya vibaya zaidi kwenye majaribio ya kumbukumbu uzeeni. Matokeo yalichapishwa 1996. Nikawaza, kama ukurasa wa msichana unabeba habari kubwa kiasi hicho, basi na mazungumzo ya mtoto wa darasa la tano yatakuwa na kitu.

Nikawarekodi kwa simu, mmoja mmoja, ofisini kwa mwalimu mkuu kwa sababu ndiko kwenye utulivu. Nilimwonyesha mtoto picha ya soko nikamwambia, "Nieleze unachokiona." Baadaye niliandika kila neno alilotamka, nikagawa maneno tofauti kwa maneno yote.

Sasa tazameni. Binti mmoja alisema maneno 23 tu: kuna soko, mama anauza nyanya, na mengine machache. Akanyamaza akiangalia vidole vya miguu yake. Kwa hesabu yangu huyo ni wa kwanza. Mvulana aliyenisimulia dakika sita, mpaka akamsimamisha muuza nyanya akagombana na mteja, ni wa mwisho. Nikibadilisha kipimo nikahesabu urefu wa sentensi, binti anakuwa wa mwisho. Na juzi nimemsikia binti huyohuyo bombani akiwasimulia wenzake jinsi ng'ombe wa jirani alivyoingia jikoni kwao. Ndoo zilijaa zikamwagika, hakuna aliyekumbuka kufunga maji.

Nishike kipimo kipi?

Mnukuu_Sauti

Pole Mwalimu. Kazi yangu ni kunukuu sauti, mwaka wa tisa huu, hivyo naanza na hesabu.

Uwiano ulioutumia hushuka kadiri mtu anavyoendelea kusema. Lazima ushuke, maana "na", "ya", "wa" na "kwa" zinajirudia kila sentensi, wakati maneno mapya yanazidi kuwa adimu. Mtu mmoja akisema maneno 100, 60 kati yake tofauti, anapata 0.60. Mwache afike 400, tofauti zikiwa 160, anapata 0.40. Ni mtu yuleyule na kichwa kilekile. Kwa hiyo ulichompima mvulana wako ni ukarimu wake wa kusema. Angalau kata vipande vyenye idadi sawa ya maneno, tuseme 50 kwa 50, halafu utafute wastani. Binti wa maneno 23 hapo hapimiki, na uandike hivyohivyo: hapimiki.

La pili ni Kiswahili chenyewe. Umehesabuje "anasoma", "alisoma", "hawasomi", "wakasomewa"? Ukivihesabu kama maneno manne, unampa mtoto alama za msamiati kwa mzizi mmoja, -som-. Ukihesabu mzizi peke yake, unamnyima sifa ya kujua kuunyambua, na kwetu huko ndiko ufundi wa lugha uliko. Mimi ningehesabu mara mbili, mizizi kando na miundo ya vitenzi kando, nisivichanganye.

Halafu rudi kwenye sauti ya mvulana usikilize marudio yake. Je, alisema "akaenda, akaenda, akaenda"? Msimulizi akisema hivyo anakutembeza njia nzima, na kila "akaenda" anayoirudia inamshusha alama. Nimeshakutana na jambo hili kwenye kanda za wazee wa Pangani, wasimulizi hodari kabisa, na kwenye jedwali walionekana maskini wa maneno. Liliniuma.

Bibi_Isimu

Mwanangu Mwalimu, shikamoo za jukwaani nimezipokea hata kama hukuzitoa. Nimefundisha isimu miaka mingi, sasa nimestaafu.

Huyo binti wa bombani alikwisha kuandikwa. Mwanaisimu wa Marekani, William Labov, alichapisha mwaka 1969 habari za Leon, mtoto wa miaka minane wa Harlem, New York. Wakati huo wapo wataalamu waliodai kwamba watoto weusi wa mitaa ile hawana lugha ya kutosha kufikiria. Ushahidi wao ulikuwa mahojiano kama yako: mtoto peke yake na mtu mzima mgeni, kitu kimewekwa mezani, "niambie yote unayojua kuhusu hiki". Mtoto anajibu neno moja moja, maana anajua lolote atakalosema linaweza kumponza.

Labov alimtuma Clarence Robins, mtu mweusi aliyekulia mitaa hiyohiyo, na bado Leon hakufunguka. Mara ya pili Robins akaja na pakiti ya viazi vya kukaanga, akamleta Gregory, rafiki wa Leon, akaketi sakafuni, akaruhusu maneno ambayo mbele ya wakubwa hayatamkwi. Watoto wakawa wanagombania zamu ya kusema.

Hakuna aliyemwongezea Leon akili kati ya siku hizo mbili. Wewe umewarekodi watoto mahali ambapo wengi wao huitwa wakiwa wamekosa. Ofisi ile ina fimbo pembeni? Na nyumbani wanasema Kibondei au Kisambaa? Ukiniuliza nishike kipimo kipi, nakujibu ushike kwanza mahali.

Masista wako walikuwa na bahati nyingine. Waliandika wote jambo moja, maisha yao wenyewe, na baada ya hapo wakaishi maisha yanayofanana kwa chakula, kazi na makazi. Ndiyo maana kuwalinganisha kulikuwa na maana.

Wa_Nyanza

Naongezea kutoka Kisumu. Mwanasaikolojia Robert Sternberg na wenzake walipima watoto 85 huku kwetu Usenge, kando ya ziwa, utafiti ukatoka 2001. Waliwauliza kuhusu dawa za mitishamba: jina, inatibu nini, kipimo chake. Waliojua dawa zaidi walielekea kupata kidogo kwenye msamiati wa Kiingereza.

Kwa Kijaluo akili haina neno moja. Kuna rieko (maarifa na ujuzi), winjo (kuelewa), paro (kujituma kufikiri) na luoro, na luoro ni heshima. Mtoto anayenyamaza mbele ya mwalimu mkuu, mama yangu angempa alama zote za luoro. Wewe utaziweka safu gani kwenye jedwali lako?

Pia, fomu ya wazazi ilisema nini? Sauti ya mtoto ni taarifa binafsi, Tanzania mna sheria yake ya 2022.

Mwalimu_Muheza

Shikamoo Bibi, naomba radhi. Ndiyo, fimbo ipo, juu ya kabati. Sikuwahi kuiona kama sehemu ya utafiti.

Mnukuu, nimerudia sauti ya mvulana. Amesema "akapanga" mara tano, nyanya zinapangwa moja moja mezani. Nilikuwa nimeandika pembeni "anarudia, msamiati hafifu". Nimefuta.

Wa_Nyanza, fomu ilisema "kupima akili ya mtoto". Wazazi walisaini hilo. Naiandika upya, "namna watoto wanavyosimulia", na nitaipeleka nyumba kwa nyumba, asiyetaka nafuta sauti ya mwanawe. Jumamosi naanza tena chini ya mwembe, wawili wawili na marafiki wanaochaguana wenyewe, kwa lugha wanayoitaka. Simu nitaiacha kwenye mkeka nami nikae mbali kidogo.

Kuna jambo sikuwaambia. Wiki iliyopita nilimpa mwalimu wa darasa orodha ya majina, wa kwanza hadi wa 41, na jana nimekuta mvulana yule amehamishiwa dawati la nyuma. Kesho kabla ya kengele naenda kuomba karatasi ile nirudishiwe, na yeye arudishwe alipokuwa.