Tupeane uzoefu: ulimwanzishaje mwanafunzi mdogo lugha ya kigeni?

Mwalimu wa Kifaransa, Bagamoyo:
Walimu na wazazi wenzangu, naomba tusimuliane jinsi tulivyowaanzisha watoto wa darasa la sita hadi kidato cha pili lugha za kigeni pamoja na mila za wenye lugha hizo. Naanza na yangu. Mwaka wangu wa kwanza niliingia darasani na mnyambuliko wa kitenzi être, yaani “kuwa”, nikaujaza ubaoni, na baada ya wiki chache watoto wengi walikwisha kukata tamaa, kwa kuwa nilikuwa nimewaonyesha lugha kama rundo la makosa yanayowangoja. Mwaka uliofuata niliwatoa nje. Tulitembea kutoka Boma la Wajerumani, lililojengwa mwaka 1897, hadi ufukweni, kila mmoja akiandika maneno kumi anayoyatumia nyumbani, kisha tukayatafutia asili. Waligundua kwamba shule ni Schule ya Kijerumani, kwamba hela imetokana na Heller, sarafu iliyoletwa na wakoloni hao mwaka 1904, na kwamba meza, leso na bendera tumezipata kwa Wareno. Sikuwaficha kwamba maneno mengine yaliletwa na biashara na mengine na bunduki. Naamini umri huo unaweza kuubeba ukweli huo. Tuliporudi kwenye Kifaransa, hawakukiogopa tena.

Mwalimu, Tanga:
Mwalimu mwenzangu, kwetu ni Kichina. Kikwazo kilikuwa toni: silabi ma ikitamkwa kwa sauti ya juu isiyoyumba ni mama, ikishuka kisha ikapanda ni farasi, na Kiswahili hakikutuzoeza kusikia tofauti ya namna hiyo. Aliyetuokoa ni mwanafunzi kutoka Lushoto, mtoto mkimya ambaye wenzake walikuwa wakiicheka lafudhi yake. Kisambaa cha nyumbani kwao kina toni, na sikio lake lilizipokea upesi kuliko langu. Nilimweka mbele awasikilize wenzake na kuwasahihisha. Tangu hapo huanza kila mwaka kwa kuuliza ni lugha zipi zinazozungumzwa majumbani mwao.

Mzazi, Bagamoyo:
Mwalimu, shikamoo. Nilihofu kwamba binti yangu angejifunza ya watu akayasahau ya kwao. Jioni moja alimweleza bibi yake kuwa Wafaransa, wanapotaka kusema “wewe”, humwita rafiki kwa neno “tu”, na mkubwa au mgeni kwa neno “vous”. Bibi akasema, “Kumbe nao wana shikamoo!” Binti akafikiri kwa muda, akajibu kuwa si sawasawa, kwa sababu watu wawili wasiojuana huitana vous wote wawili, ilhali shikamoo haijibiwi kwa shikamoo. Sikuwahi kumsikia akiieleza adabu yetu kwa ufasaha kiasi hicho. Sasa bibi anataka kujua Wafaransa humwambia nini aliyefiwa, na jibu bado analingoja.

Mwalimu wa Kifaransa, Bagamoyo:
Marahaba, mama. Mwambie bibi kwamba husema toutes mes condoléances, yaani “rambirambi zangu zote”. Jumatatu tutayalinganisha maneno hayo na pole yetu, ambayo humfaa aliyefiwa, aliyechoka na aliyejikwaa vilevile, na nitawaachia watoto watafute Mfaransa humwambia nini kila mmoja wa watu hao watatu.